Wadudu wa Bi Nakijwa

Semboja, mwenye ardhi na kitambi, hakuvumilia mpangaji wake apate kitu kizuri bila yeye kukinyang'anya. Siku wadudu wekundu walipovamia maboga ya Bi Nakijwa, mjane ambaye kiuno hakikumruhusu tena kuinama, Semboja alipita akicheka.

"Unaliwa shamba, mama!"

"Waache wale, bwana," Nakijwa akanong'ona. "Kuku wangu wakiwadonoa hawa, wanataga mara mbili kwa siku. Tafadhali usimwambie mtu."

Semboja akatoa macho. "Shamba hili la nani?"

"Lako, bwana."

"Basi na wadudu ni wangu!"

"Nihurumie! Niachie japo wa tuta moja!"

"Sikuachii hata mmoja."

Alfajiri, wadudu wakiwa bado wamelemazwa na umande, vibarua wake sita walipekua kila jani wakajaza ndoo. Wiki mbili baadaye maboga yalikuwa yametanda hadi uani, na Semboja akaja amefura.

"Kuku wangu hawajazidisha hata yai moja!"

"Si umeacha mayai ya hao wadudu, bwana? Yako chini ya majani. Nguvu yote imo humo."

Kesho yake walikuja vibarua kumi, na mbele yao Semboja mwenyewe, ameinama.