Mitende Iliyokuwa Paa la Jirani

Wamesimulia waliotutangulia, na Allah ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika bonde moja la Hadhramaut, zama zile ambazo mtu aliona haya kula kabla hajampelekea jirani yake, aliishi mja mwema akiitwa Yaslam bin Mubarak. Alikuwa mtu wa swala na saumu, mwenye shamba la mitende aliloachiwa na marehemu baba yake. Chini ya shamba hilo palikuwa na nyumba ya udongo ya Bakhit, mfumaji wa nguo, aliyekaa humo na mkewe Bi Mahjuba, watoto wao, na mama yake mkongwe.

Mwaka mmoja mvua ilinyesha sana milimani, bonde likateremsha mafuriko ambayo hata wazee hawakupata kuyaona. Maji yalibomoa ukuta wa mbele wa nyumba ya Bakhit, na paa likaangukia mtambo wake wa kufumia. Kwa rehema za Mola, wote walitoka hai. Bakhit alimtoa mama yake akiwa amembeba mgongoni, maji yakiwa yamemfika kifuani, na Bi Mahjuba aliwatoa watoto. Maji yalipopungua hawakubakiwa na kitu ila nguo walizovaa.

Hapo ndipo ungewajua watu wa zamani. Hakuna aliyepiga mbiu. Wanawake walikuja na unga na matandiko, wanaume wakakunja nguo zao wakaingia matopeni. Yule mama mkongwe alichukuliwa nyumbani kwa Yaslam, akatandikiwa chumba chenye jua. Yaslam mwenyewe alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, akikanyaga udongo na makapi, akifyatua matofali na kuyaanika. Watu walimwambia, "Allah akulipe kheri, ewe Yaslam. Huu ndio ujirani." Naye akainamisha kichwa, nao wakadhani ni unyenyekevu.

Kumbe ilikuwa ni fedheha ya moyoni. Kabla ya mvua zile, Yaslam alikuwa ameinua tuta la mawe upande wa juu wa shamba lake ili maji yasije yakang'oa mitende. Mafuriko yalipofika yaliligonga tuta lile, yakageuka, yakashuka moja kwa moja kwa Bakhit. Yaslam aliyaona kwa macho yake. Watu wote walisema ni kadari ya Mola, naye akawaacha waseme hivyo.

Mkewe, Bi Shifaa, alimwona hali chakula akashiba wala halali akapumzika. Siku moja, akimmiminia maji anawe matope, alimwuliza, "Ewe mume wangu, umeshughulika kwa kheri tupu. Mbona unakonda kama mtu mwenye deni?"

Yaslam akamweleza yote. Bi Shifaa akasema, "Unamjengea kuta, na haki yake umeikalia. Nenda ukamwambie, hata akikufukuza."

Yaslam akaswali adhuhuri, akaenda, akamkuta Bakhit akipanga matofali. Akasema, "Ndugu yangu, maji yale hayakuja kwako yenyewe. Tuta langu ndilo lililoyaleta. Niliiogopea mitende yangu, nyumba yako sikuifikiria. Na nilipojua, nilinyamaza, nikapokea sifa za watu."

Bakhit akaliweka chini tofali alilokuwa nalo. "Mama yangu alikaribia kufa," akasema.

"Kweli."

"Na siku zote hizi unanitazama usoni."

"Kweli, ewe Bakhit."

"Basi toka nyumbani kwangu."

Yaslam akatoka. Hakujitetea, wala hakumtuma mtu kumwombea msamaha. Siku ile ile Bakhit alikuja kumchukua mama yake, akamngojea nje bila kuvuka kizingiti, kisha akampeleka kwa jamaa zake. Yaslam naye akapanda shambani akalivunja tuta, jiwe baada ya jiwe, na kila aliyepita akamwuliza sababu, alimweleza bila kuficha. Waliokuwa wakimsifu wakaanza kumpita kimya. Bi Shifaa peke yake ndiye aliyeendelea kwenda kwa Bi Mahjuba na chakula, naye hakurudishwa, kwani wanawake wale walikuwa wamenyonyesheana watoto.

Kuta zikasimama, lakini boriti za kuezekea hazikupatikana, kwa kuwa mbao na magogo ya bonde zima yalikuwa yamekwenda na maji. Baridi nayo ilikuwa inakaribia. Basi asubuhi moja Bakhit akasikia shoka likilia shambani. Akapanda, akamkuta Yaslam ameshaangusha mitende kadhaa, na huku machozi yanamtoka, anauanza mwingine.

"Unafanya nini, Yaslam?"

"Nyumba yako haina boriti."

"Mitende hii aliipanda baba yako."

"Aliipanda watu wanufaike. Mimi ndiye niliyeifanya yangu peke yangu."

Bakhit akaitazama mitende iliyolala chini. Kisha akausogelea mkono wenye shoka, akaushika taratibu. "Boriti hizi zinatosha paa," akasema. "Mtende huo uache. Watoto wangu wanazipenda tende zake."

Akainama akashika ncha moja ya gogo, na Yaslam akashika ya pili. Wakateremka nalo, wakalitua mbele ya nyumba. Hapo Bakhit akasema, "Nimekusamehe kwa ajili ya Allah. Paa likikamilika mama atarudi. Nataka uwepo, tumwingize ndani pamoja."

Ndugu zangu katika imani, tunapowakumbuka watu wale tukatamani zama zao, tusidhani kwamba hawakukosea. Walikosea kama tunavyokosea. Lakini aliyekosa alikwenda mwenyewe, kwa miguu yake, hadi kwa aliyemkosea, akakubali kufukuzwa, na asiache kutengeneza alichokiharibu. Na aliyekosewa aliumia, akakasirika, kisha akapanda shambani kumshika mkono mwenzake. Allah awarehemu, na asitunyime sisi mioyo kama ile.