Aliyeleta Sauti ya Melania

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Hadithi hii nitawapa kichwa na kiwiliwili. Miguu mtaitia wenyewe.

Palikuwa na wanawake watatu mjini Makambako, na kila mmoja alikuwa na kipawa chake.

Yusta alijua kutunza. Kitu ukimwachia Yusta, hata kikiwa kifungo cha shati, ukirudi baada ya miaka utakikuta pale pale ulipokiweka, kimefutwa vumbi.

Atuganile alijua kutoa. Alikuwa fundi wa kudarizi, na majirani walisema mkono wake haujui kufumba.

Blandina alijua kukumbuka. Kwaya ya kanisani ilipopotelewa na kitabu chake cha nyimbo, walimwita yeye. Aliketi kwenye benchi akaziimba zote, sauti ya kwanza mpaka ya nne, na wengine wakaziandika upya.

Wanawake hawa hawakuwa ndugu, wala hawakuwa marafiki. Aliyewakutanisha ni mwanamke wa nne, naye alikuwa marehemu.

Huyo aliitwa Melania. Yeye na Yusta walikuwa na studio ndogo ya video karibu na stesheni ya reli. Yusta alishika kamera kwenye harusi na vipaimara, na Melania alikaa kwenye kompyuta akikata na kuunga. Kisha Melania akapata ugonjwa ambao madaktari walimwambia wazi kwamba hautapona. Mwanawe wa pekee, Ezelina, alikuwa darasa la tatu.

Melania akasema, "Siku mwanangu atakapoagwa kwenda kwa mumewe, nataka anisikie."

Basi kila siku alipopata nguvu, aliketi mbele ya kamera akasema maneno machache. Yusta alikuwa mbali akihangaika na harusi za watu ili studio isife, kwa hiyo aliyeshika kamera ni jirani, Blandina. Na Melania alipohamia kwenye kompyuta kukata na kuunga maneno yake mwenyewe, Blandina alikaa ubavuni pake akimshikia kikombe cha uji.

Melania alimaliza kuunga, lakini hakumaliza kazi. Anayejua kazi hiyo atawaambia kwamba video ikiwa bado ndani ya programu ya kuhariria haijawa filamu. Ni vipande vya picha tu, pamoja na kumbukumbu ya programu kwamba hapa pakatwe na hapa paungwe. Ilibaki kuitoa nje iwe kitu kimoja, na hapo nguvu zikamwishia.

Alimwita Yusta akamwambia, "Dada, kazi yangu iko ndani ya mashine. Usiifungue mpaka mtoto aposwe. Sitaki watu waitumie kulilia msibani. Nitunzie tu."

"Nitakutunzia," Yusta akasema.

Melania akafa. Blandina akahamia Mafinga, na hakukanyaga tena nyumba ile.

Haya, sikilizeni alichofanya Yusta. Miaka ilikwenda, na wenye studio wenzake wakanunua kompyuta mpya zenye programu mpya, picha zao zikawa safi kama maji ya chemchemi. Wateja wakamwambia, "Mama, badilisha mashine." Yusta akamuuliza Lugano, fundi wa kompyuta, kama ile programu ya zamani ingeingia kwenye mashine mpya. Lugano akamjibu kwamba haingekubali. Na kununua mpya bila kuuza ile ya zamani Yusta hakuweza, basi hakubadilisha. Wateja wa harusi wakamkimbia, kisha wa vipaimara nao wakamkimbia, mpaka akabaki kupiga picha ndogo za vitambulisho. Kompyuta ile akaifunika kitambaa cheupe. Hakuuza, hakuazimisha, na hakufungua, kwa kuwa aliambiwa asifungue.

Ezelina akakua. Baba yake, Festo, alikuwa ameoa mke mwingine, na mke huyo ndiye Atuganile. Ezelina alimwita mama mdogo tangu siku ya kwanza, na hakuwahi kumwita vinginevyo. Atuganile aliitikia. Alimlea, alimuuguza surua, alimshonea sare za shule, na picha ya Melania aliiacha ukutani sebuleni.

Barua ya posa ilipofika na kukubaliwa, Yusta alitoa kitambaa cheupe akawasha mashine. Ilinguruma, ikaonesha mwanga. Mara umeme wa mtaa ukakatika, ukarudi kwa kishindo, na moshi mwembamba ukatoka nyuma ya kompyuta. Yusta alikaa chini sakafuni. Lugano alipofika alimkuta bado yuko pale pale.

Lugano alifungua mashine akaitazama kwa muda mrefu. "Mama Yusta, mashine imekufa. Ila diski iliyo ndani ni nzima. Vitu vya marehemu vipo."

"Basi vitoe."

"Vitoke viende wapi? Inahitajika kompyuta mpya, na kompyuta mpya haitaikubali programu yake. Hata nikikutafutia kompyuta kuukuu, leseni ya programu ile ilifungwa kwenye mashine hii iliyoungua, na walioitengeneza hawatoi tena leseni zake. Wanauza toleo jipya tu, tena la kulipia kila mwaka. Labda hilo lingeifungua kazi yake."

Yusta hakuwa na kitu. Alikwenda kwa Festo akaeleza yote. Festo naye alikuwa amekwisha kukamuliwa na maandalizi ya harusi, akasema kwa sauti ya chini, "Labda tumwache marehemu apumzike."

Atuganile alikuwa jikoni, akasikia. Akatoka akijifuta mikono.

"Baba Ezelina, marehemu kweli anapumzika. Lakini mtoto je?"

Kesho yake aliuza cherehani yake ya kudarizi. Nayo haikuwa cherehani ya kawaida. Aliipata kwa jasho la ujana wake kabla hajaolewa, na mashuka ya nusu ya maharusi wa mji ule yalipita chini ya sindano yake. Alinunua kompyuta mpya na programu mpya, akazibeba mpaka studioni, akazitua mbele ya Yusta.

Yusta akamuuliza, "Unajua unachonunua? Ukishamwasha Melania, hutamzima tena kichwani mwa mtoto."

"Najua, dada," Atuganile akajibu. "Washa."

Lugano akaweka programu mpya, akaunganisha diski ya zamani, akafungua kazi ya Melania. Programu ikajibu kwamba kazi hiyo ilitengenezwa na toleo la zamani mno, haiwezi kufunguka. Akajaribu tena, jibu likawa hilo hilo. Vipande vya picha vilisomeka kimoja kimoja. Mpango wa kukata na kuunga ndio uliokufa.

Wakatazama kipande cha kwanza, Melania akikohoa. Cha pili, akicheka. Cha tatu, akianza sentensi na kuiacha. Vilikuwa vingi, vimechanganyika kama maharage yaliyomwagika. Sauti yake ilikuwepo, lakini alichotaka kusema hakikuwepo.

Ndipo Yusta akasema, "Yuko mtu mmoja aliyekaa naye."

Walimpigia simu Blandina. Akasema, "Nilitumaini hamtanitafuta." Lakini alikuja.

Alikaa mbele ya kompyuta mpya, akafumba macho, akaanza. "Kwanza alianza na salamu, ile aliyovaa kitenge cha kijani. Akitaja jina la mtoto mara ya pili, kata. Weka pale anapocheka. Sasa anaeleza jinsi ya kukaa na wakwe." Yusta alikata na kuunga, kidole chake kikimfuata Blandina. Filamu ikaanza kuota mifupa.

Wakafika kipande ambacho Melania amekonda, macho yanawaka. Akasema kwenye kamera, "Ezelina, baba yako ataoa. Huyo mwanamke usimwite mama. Mama yako ni mimi, na mama hana wa pili."

Atuganile alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango. Hakuinuka.

Blandina akafumbua macho. "Hicho hakimo. Alikitoa."

"Una hakika?" Yusta akauliza kwa ukali. "Mimi nimekaa na mashine hii miaka yote. Siwezi kutupa sauti ya Melania kwa sababu wewe umesema."

"Alikisema jioni. Asubuhi aliniambia nimsogeze kwenye kompyuta, akakifuta kwenye mpango wa kuunga kwa mkono wake, akalia. Akaniapisha nisimwambie mtu kwamba aliwahi kusema neno lile. Leo nimevunja kiapo, tena mbele ya mtu ambaye sikutaka asikie. Ndiyo sababu niliondoka mji huu. Niliogopa siku moja nitakutana njiani na mke atakayeolewa, nami ninajua."

Atuganile akasema, "Kama alilisema, dada, alilisema. Liacheni libaki."

"Alilisema, kisha akalifuta," Blandina akajibu. "Kufuta nako ni kusema. Mkilirudisha, mtakuwa mmemsemesha maiti neno alilolikataa akiwa hai."

Yusta alitazama uso wa rafiki yake kwenye kioo, umesimama mdomo wazi. Kisha akakiondoa kile kipande.

Kipande cha mwisho kilikuwa kifupi. Wote watatu walikisikia, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Siku chache kabla ya sherehe, Ezelina aliketi sebuleni na baba yake na wanawake wale watatu, akamsikia mama yake. Alimsikia akisalimia, akicheka, akimwonya, akimwombea. Alikuwa amesahau kabisa sauti ile. Aliziba mdomo kwa viganja viwili na machozi yakapita katikati ya vidole.

Mwishoni Melania akasema hivi: "Mwanangu, katika ukoo wa baba yako, binti akiagwa, mama humfunika shuka mabegani mbele ya watu, na anayefunika ni mmoja tu. Mimi sitakuwepo. Basi atakayekuletea sauti yangu, huyo ndiye akufunike badala yangu."

Ezelina akageuka. "Nani ameniletea?"

Kile kipande kilichotolewa hakuna aliyemtajia, na mpaka leo hajui. Lakini mengine yote alielezwa na baba yake, kama naye alivyosimuliwa na wanawake wale, hatua kwa hatua, tangu kitambaa cheupe mpaka kiapo cha Blandina, ila tu kiapo kilikuwa cha nini hakuambiwa.

Yusta akatangulia kusema. "Mimi sitaficha. Nataka kukufunika. Mama yako alinikabidhi mimi, wala hakumkabidhi mwingine. Nimezeeka na studio tupu kwa ajili ya siku hii. Nisingeitunza diski, hawa wangenunua mashine ya kuoneshea nini, na wangekumbuka maneno gani?"

Festo akakohoa. "Ni kweli, shemeji. Lakini pia, samahani, ungeifungua mapema na kuitoa nje, tusingefika hapa."

"Aliniambia nisifungue," Yusta akasema.

Blandina akasema, "Mimi nilikuwepo alipotamka maneno hayo. Alipoyasema alinitazama mimi, maana ndimi niliyeshika kamera. Kama alinimaanisha mimi au alitazama kamera tu, sijui, na sitadai kwamba najua. Nilichonacho ni kwamba bila mimi mngemletea mtoto kelele tu, tena zenye sumu ndani yake."

"Sumu gani, mama?" Ezelina akauliza.

"Kelele za kukohoa, mwanangu. Za ugonjwa."

Wote wakamgeukia Atuganile. Alikuwa akikunja shuka jeupe lililoandaliwa kwa sherehe, shuka ambalo safari hii lilidariziwa na fundi mwingine.

"Mimi sikumjua marehemu," akasema. "Hakunituma, wala hakunitazama. Nilitoa kwa sababu mtoto alikuwa anasubiri. Mpeni anayestahili." Akaliweka shuka mapajani mwa Ezelina akaenda zake jikoni.

Usiku ule wazee wa ukoo walijadiliana bila kupatana. Mmoja alisema aliyeleta ni aliyebeba mzigo njia nzima. Mwingine akasema hapana, ni aliyejenga daraja pale njia ilipokatika. Wa tatu akasema mzigo si maneno mpaka apatikane wa kuyasema. Na kulikuwa na shangazi mmoja aliyenong'ona, "Jamani, aliyemlea je?" Wakamwambia marehemu hakusema "atakayekulea", alisema "atakayekuletea". Mwisho wakaamua Ezelina achague mwenyewe.

Siku ya kuagwa ikafika. Ukumbi ulijaa, vigelegele vikapigwa, kisha mshereheshaji akaomba utulivu akasema, "Mama mzazi, au anayesimama mahali pake, apite mbele amfunike binti."

Ezelina alisimama katikati ya ukumbi, shuka jeupe mikononi. Katika safu ya mbele Yusta alikuwa amekwisha kuinuka nusu, mkono umeshika kiti. Pembeni yake Blandina ameinamisha kichwa, midomo ikicheza kama mtu anayerudia maneno moyoni. Na Atuganile alikuwa kule nyuma penye masufuria, akisimamia chakula, kwa kuwa hakutaka aonekane anangoja.

Ezelina akapiga hatua ya kwanza.

Mimi namsimamisha hapo hapo. Yuko mmoja aliyetunza, na bila yeye pasingekuwa na cha kufungua. Yuko mmoja aliyetoa, na bila yeye pasingekuwa na cha kufungulia. Yuko mmoja aliyekumbuka, na bila yeye kilichofunguka kisingekuwa Melania. Shuka ni moja, na watu wanangoja.

Haya, ninyi mnaonisikiliza: hatua ya pili aielekeze wapi? Nawe uliyekaa kimya tangu mwanzo, kama mikono ile ingekuwa yako, shuka ungemkabidhi nani?