Vibuyu Kumi vya Waridi la Simba

Mwaka ule mvua za vuli hazikubisha hodi, na zile za masika zilipita mbali kwa majirani kama jamaa aliyenuna. Nyika ya Mawe Mekundu ikakauka hata mchwa wakahama. Mto ulibaki mchanga mtupu, na katikati ya mchanga huo wanyama wakachimba kisima kimoja ambacho maji yake yalijikongoja kutoka. Ikawekwa desturi: kila asubuhi maji yagawanywe kwa kata, mkubwa kwanza na mdogo mwisho, na atakayekuta matope ashukuru matope yake.

Aliyekuta matope kila siku alikuwa Bi Kanga. Alianza kiangazi na vifaranga tisa, na kazi yake ilikuwa moja tu, kuwafikisha hai hadi mvua inyeshe.

Simba, mfalme wa nyika, naye alikuwa na shida yake, ila haikuwa kiu. Binamu yake, Simba wa Ng'ambo, alikuwa ametuma habari kwamba angekuja kumtembelea kabla ya mwisho wa kiangazi. Binamu huyo alikuwa na singa nene kuliko zake, na kila mtu alilijua hilo ingawa hakuna aliyelisema. Simba akatafuta kitu cha kujitapia. Akaagiza aletewe kutoka majabalini waridi la jangwani, mmea mfupi wenye shina lililovimba chini kama chungu, ambao ukichanua hutoa maua mekundu yaliyopauka kidogo kwenye matawi yasiyo na majani mengi.

Mzee Kobe ndiye aliyeupanda. Alikusanya kokoto na mchanga, akajenga kichuguu mbele ya pango la mfalme mahali penye jua la kutwa, akaupanda mmea juu yake. Kisha akaketi kando akautazama.

Siku ya tano Simba akamjia. "Mbona sikuoni ukifanya kazi?"

"Kazi nimemaliza, Mfalme," Kobe akajibu. "Huu ukiuacha, unaishi. Ukiubembeleza, unakufa. Nitaupa kata moja mwezi ukiandama, basi."

Simba hakupendezwa. Mfalme gani ana ua linalotunzwa kwa kukaa kitako? Angemwambia nini binamu yake? Kobe akafukuzwa siku hiyo hiyo, akaondoka kwa mwendo wake wa kawaida, jambo lililomkera Simba zaidi.

Habari za kazi kuwa wazi zikamfikia Fisi kabla Kobe hajafika hata mita mia. Fisi hakuwahi kupanda hata mchicha, lakini akaja akiwa ameinamisha kichwa kwa unyenyekevu.

"Unajua kilimo wewe?" Simba akamuuliza.

"Mfalme wangu, babu yangu alikufa na jembe mkononi."

Babu yake alikufa na mfupa kooni, lakini hakuna aliyeuliza.

"Kobe amelidhulumu ua lako," Fisi akaendelea. "Kata moja kwa mwezi ni kipimo cha ua la Pimbi. La mfalme hunywa kifalme. Lipewe vibuyu saba kila siku, alfajiri, kabla mtu yeyote hajagusa kisima."

Simba akatikisa singa zake. Hapo ndipo alipopenda. Kwake yeye kitu kikubwa kilipimwa kwa namna kilivyowasumbua wengine.

"Na jambo moja tena," akasema Fisi. "Lina haya sana. Likitazamwa wakati wa kunywa, litanyauka. Naomba nilizungushie boma la miiba, niingie mimi peke yangu."

Boma likajengwa. Kila alfajiri Nyumbu wawili walibeba vibuyu saba hadi mlangoni, Fisi akavipokea kwa heshima zote, akafunga mlango, akaketi kwenye kivuli cha boma, akavinywa vyote. Alimaliza kwa kujifuta midomo na kulitazama lile ua kwa dharau. Kwa nini mmea ule haufi, hakujua, wala hakujisumbua kujua.

Sasa sikieni jambo la kuchekesha. Ua lilistawi. Kobe alikuwa amelipanda vizuri, jua lilikuwa kali, kokoto zilikuwa kavu, na Fisi alilitunza kwa njia moja tu: alilisahau. Waridi la jangwani halitaki zaidi ya hapo. Baada ya wiki tatu likachanua maua kumi na moja kwa mpigo, na juu ya boma la miiba yakaonekana kutoka mbali.

Simba akafurahi kupita kiasi. Fisi akapewa cheo cha Mtunza Ua Mkuu, na vibuyu vikaongezwa vikawa kumi. Nyani akatunga wimbo wa kumsifu mkulima. Twiga, ambaye shingo yake ilipita boma lile kwa mbali na macho yake yalikuwa mazima kabisa, akawa anatazama upande mwingine. Kata yake ilikuwa inafika mapema.

Huku kisimani Bi Kanga akazika kifaranga wa kwanza, kisha wa pili. Alipomzika wa tatu hakulia tena. Akaenda moja kwa moja pangoni kwa mfalme.

"Shikamoo, Mfalme."

"Marahaba. Umeliona ua langu?"

"Nimeliona, Mfalme. Nimekuja kwa habari ya maji. Vibuyu kumi vikitoka, sisi wa mwisho tunakuta matope makavu. Wanangu watatu wamekufa."

Simba akapiga miayo. "Vifaranga utaangua wengine. Maua kumi na moja kiangazi hiki nitayapata wapi? Nenda, usiniletee uchuro, mgeni yuko njiani."

Bi Kanga akatoka kwa hasira. Njiani akakutana na Sungura, masikio yamemlegea kwa kiu. Msidhani Sungura alikuwa na huruma nyingi kuliko wenzake. Alikuwa mjanja, na mjanja mwenye kiu husikiliza vizuri.

"Dada Kanga, nasikia umefukuzwa."

"Nimefukuzwa. Lakini niambie wewe mwenye akili. Mimi napekua pale chini ya boma kila siku, natafuta wadudu. Mtu akimwaga vibuyu kumi juu ya kichuguu cha kokoto, maji si yatateremka? Mwezi mzima napekua vumbi. Hata unyevu wa kulowesha ukucha sijaupata."

Sungura akasimamisha masikio. "Umemwambia nani?"

"Nani atanisikiliza?"

"Usimwambie mtu. Ukimshitaki Fisi utaambiwa ulete shahidi, na shahidi pekee ni Twiga, ambaye siku hizi haoni."

Akaenda kumtafuta Kobe, akamkuta amejizika nusu mchangani kukwepa joto.

"Shikamoo, Mzee Kobe."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja kuniambia lile ua limechanua. Najua. Nimelipanda mimi."

"Nimekuja kuuliza. Likipewa kweli vibuyu kumi kwa siku, litafanya nini?"

Kobe akafikiri. "Siku ya kwanza na ya pili litavumilia. Shina lile nene ndilo ghala lake, na ghala tayari limejaa. Ukizidi kumimina, mizizi itaoza, majani yatageuka manjano, maua yatapukutika. Wiki haitaisha kabla shina halijawa laini kama papai lililolala jikoni."

"Na Fisi analijua hilo?"

"Fisi anajua mifupa," akasema Kobe, akarudisha kichwa ndani.

Siku mbili baadaye Simba wa Ng'ambo akawasili. Wanyama wote wakaitwa barazani. Mgeni akalitazama ua lililochungulia juu ya miiba, na kwa kweli likamchoma moyo kwa wivu. Simba akavimba. Hapo Sungura akasogea mbele, akapiga magoti.

"Mfalme, mgeni wetu ameliona ua. Hajakuona wewe ukilinywesha kwa mkono wako. Huko kwao atasimulia nini?"

Fisi akaruka. "Haiwezekani. Lina haya."

"Lina haya mbele yetu sisi makabwela, Bwana Fisi," Sungura akajibu kwa upole. "Mbele ya wafalme wawili litaona haya gani? Au unasema macho ya mfalme wetu yananyausha maua?"

Simba akamgeukia Fisi polepole. "Unasema hivyo?"

Fisi akapiga hesabu ya haraka, na tumbo lake ndilo lililokuwa likipiga hesabu hiyo: mgeni atakaa wiki moja, wiki moja si mwaka, kisha boma litafungwa tena. "La hasha, Mfalme wangu. Macho yako ni jua lake. Linyweshe."

"Vibuyu kumi, kila siku, kama kawaida?" Sungura akauliza kwa sauti ya kusikika hadi nyuma ya baraza.

"Kumi," Fisi akasema mbele ya wote. "Kama kawaida."

Kesho yake mlango wa boma ukafunguliwa. Simba akamimina vibuyu vitano, binamu yake vitano, na Nyani akaimba. Maji yakazama kwenye kokoto, yakajaa, yakateremka, yakapita chini ya miiba na kukusanyika kwenye kishimo upande wa pili. Bi Kanga alikuwa amesimama hapo na vifaranga wake sita. Wakanywa hadi wakatosheka, na hakuna aliyewafukuza, kwa kuwa kila mtu alikuwa akitazama wafalme.

Siku ya tatu majani yakageuka manjano. Siku ya nne maua manne yakaanguka pamoja.

"Ndugu yangu," akasema Simba wa Ng'ambo, "ua lako lina homa?"

Simba akamwita Fisi kando. "Lina nini?"

Mwenye akili angetafuta udhuru mwingine. Lakini Fisi alikuwa na siku nne hajanywa isipokuwa kata yake moja kama watu wengine, na kichwani mwake hamkuwa na kitu ila kiu.

"Kiu, Mfalme. Joto limezidi. Ongeza vibuyu vitano."

Sungura akainamisha kichwa asionekane anacheka. Vitano vikaongezwa.

Siku ya sita ua likalala ubavu. Simba akaligusa shina kwa ukucha mmoja, ukucha ukazama ndani, na maji yenye harufu ya uozo yakamtiririkia hadi kwenye kiwiko. Simba wa Ng'ambo akaanza kucheka. Alijizuia mwanzoni kwa adabu ya ugenini, kisha ikamshinda, akacheka hadi akaketi chini.

"Nilisema lina haya," Fisi akapiga kelele. "Nilisema. Wamelitazama mno."

"Mzee Kobe," akasema Sungura, "wewe ulilipanda. Limekufa kwa kutazamwa?"

Kobe alikuwa ameanza safari ya kuja siku ya tatu na ndiyo kwanza anafika. Akanusa shina. "Limekufa kwa maji. Limezama. Kwa vibuyu kumi hufika siku sita, na hili limezifikia. Kama lingepewa vibuyu hivyo mwezi mzima, mfalme angekuwa amekwisha kulizika zamani."

Bi Kanga akapanda juu ya jiwe.

"Mwezi mzima nimepekua chini ya boma hili nikapata vumbi," akasema. "Siku sita hizi wanangu wamekunywa papo hapo. Mwenye macho atazame kishimo. Halafu atazame tumbo la Bwana Fisi."

Wakatazama. Katika nyika nzima, ambako mbavu za kila mnyama zilihesabika kwa mbali, lilikuwapo tumbo moja tu lililokaa kama gunia la mahindi. Hata Twiga akakohoa. "Nami, sasa mkisema hivyo, niliwahi kuona kitu."

Hakuna aliyemgeukia.

Simba akanguruma, na ngurumo hiyo ilikuwa ya aibu zaidi kuliko hasira. Alitaka kumrarua Fisi hapo hapo, ila binamu yake alikuwa bado anacheka, na mfalme anayechekwa hujitahidi kuonekana mwenye haki. Akatoa hukumu: Fisi avuliwe cheo, na kuanzia kesho achote maji yeye mwenyewe, awape wanyama wote kuanzia mdogo hadi mkubwa, na yeye anywe wa mwisho. "Nililijua jambo hili tangu mwanzo," akaongeza Simba. Wanyama wakatazama ardhini.

Asubuhi iliyofuata Fisi akateka maji na kupokeza kata moja baada ya nyingine. Vifaranga sita wakanywa wa kwanza. Pimbi akanywa, Ngiri akanywa, Nyumbu wakanywa bila kumtazama usoni, na Simba mwenyewe akapata kidogo kilichobaki. Fisi alipozamisha kata kwa ajili yake, ikatoka na tope. Akailamba. Tope likamshika kooni.

Bi Kanga alikuwa bado yupo, anawakusanya wanawe waende zao.

"Nisamehe, Bi Kanga," Fisi akasema kwa sauti ya kukwaruza. "Unajua tena, kiangazi. Kiu ilinizidi."

Bi Kanga akawahesabu vifaranga wake, akafika sita, akaishia hapo. Kisha akamtazama.

"Kiu ilikuwa yetu, Bwana Fisi. Yako ilikuwa tamaa."

Akaondoka na wanawe, akamwacha na kata yake. Njia ya mwongo ni fupi.