Amevaa Nini Mama Yako?

Ndugu zangu, mtu mmoja alimpokea mama yake kutoka kijijini, amekuja mjini kutibiwa macho. Siku ya kliniki ilikuwa bado, akaona ampeleke kwenye bustani ya jiji, yalipo magofu ya jumba la tajiri wa zamani. Paa halipo, ngazi zinaishia hewani, na nyuma kuna kisima kilichozungushiwa kamba tu.

Yule bwana alipenda majengo. Akasoma kibao chote, akajua mawe yalitoka wapi na kila mke wa tajiri alilala chumba kipi. Akapiga picha milango, akapiga na madirisha. Alipogeuka amwonyeshe mama nakshi za ukutani, mama hakuwepo.

Mwanzoni hakushtuka. Akaita, akaingia chumba hiki, akatoka kile. Kisha akayakumbuka macho ya mama, akakikumbuka kisima. Akasogea hadi kwenye kamba, akaogopa kuchungulia. Akachungulia, akaona giza na majani yanaelea. Akamkimbilia mlinzi wa getini, akamweleza kuwa amempoteza mama yake.

Mlinzi akashika simu ya upepo awaarifu wenzake. "Amevaa nini?"

Yule bwana akafungua mdomo. Kanga? Gauni? La rangi gani? Asubuhi ile walikunywa chai pamoja. Alimshika mkono kushuka garini.

"Sijui," akasema, na hapo ndipo alipoanza kulia.

Walimkuta nyuma ya jiko la zamani, ameteleza kwenye kifusi, kifundo cha mguu kimevimba. Alisikia kizunguzungu, akaenda kutafuta kivuli. Mwanawe akapiga magoti, akamuuliza kwa nini hakumwita.

"Nilikuita, mwanangu," mama akasema. "Ukanijibu, 'Sawa, mama.' Nikajua umenisikia."

Mmesikia? Alijibu! Na sisi je? Mke anasema kifua kinambana, tunamwambia sawa. Mtoto anasema hataki tena kwenda kwa mjomba wake, tunamwambia sawa, macho yetu yapo kwenye simu. Hatujamtelekeza mtu. Tunalisha, tunalipa, tunapeleka hospitali. Ila hatujawatazama. Hata Mungu, sijui ni amina ngapi tumempa namna hiyo.

Yule mama alipatikana hai. Tusitoke hapa tukidhani kila anayetuita atapatikana. Leo nyumbani mtu akikuita, usijibu kwanza. Geuka.