Mwonjaji wa Kahawa na Sahani Tisa

Washarika wapendwa, leo nawapeleka kula hotelini. Msitabasamu mapema, silipi bili ya mtu. Nawapeleka kwa maneno tu, mahali ambapo wengi wetu hatujaingia hata kwa kuulizia njia, kisha nitawarudisha mezani kwenu kabla chakula hakijapoa. Mlio nyuma, mnanipata? Haya.

Palikuwa na bwana mmoja, mwenyeji wa mji wa kahawa huko mlimani, ambaye riziki yake ilikaa kwenye ulimi. Hakuwa wakili, hakuwa dalali, wala, Mungu anisamehe, hakuwa mhubiri. Alikuwa mwonjaji wa kahawa. Asubuhi anapangiwa vikombe ishirini mezani. Anachota kijiko, anafyonza kwa kelele ambayo mama yako angekuchapia, anaizungusha kahawa kinywani, anaitema kwenye ndoo, anaandika alama. "Hii ilianikwa kwenye mvua." "Hii gunia lake lililala karibu na dizeli." Na hakosei! Mkulima amelea mibuni yake mwaka mzima, yuko nje anasubiri, kofia mkononi, na yule bwana ameshamalizana naye kwa kijiko kimoja. Ni kazi halali, na aliifanya kwa haki.

Shida yake ilikuwa moja tu. Kazi ile aliibeba mpaka nyumbani.

Jina lake tuliache. Tumwite Baba Aikaeli, na mkewe Mama Aikaeli, kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Watu wa mlimani mnajua aika ni nini. Ni asante. Basi bwana huyu alimpa mtoto wake jina la kumshukuru Mungu, lakini mezani kwake neno lenyewe halikuwahi kupewa kiti. Sala ya chakula ikiisha, anachota kijiko cha kwanza, anafumba macho kama yuko kazini, na alama inatoka. "Mama Aikaeli, chumvi imezidi." Kesho yake, "Leo chumvi umeisahau." Keshokutwa, "Kitunguu kimeshika moto kidogo."

"Kula, Baba Aikaeli," mkewe anamjibu. "Kesho nitarekebisha."

Miaka ishirini na saba ya kesho nitarekebisha. Mnamfahamu mtu huyu? Hapana mama, usimtazame jirani yako, nitazame mimi.

Sasa, juu ya mji ule kulikuwa na mgahawa wa kifahari, ndani ya nyumba ya zamani ya shamba la kahawa, wenye lango jeupe. Kule huchagui chakula. Unakaa, unaletewa sahani tisa moja baada ya nyingine, na kila sahani ina tonge moja tu, limepambwa kama bibi harusi. Kwa bei ya watu wawili ungepata mbuzi jike, tena mwenye mimba. Kila Jumapili wakitoka ibadani Baba na Mama Aikaeli walipita mbele ya lango lile, na Jumapili moja mama akasimama, akakaza kitenge chake, akasema, "Iko siku na mimi nitaingia mle. Nikae, niletewe, na asiwepo mtu wa kunitajia chumvi." Alisema huku anacheka. Mumewe naye akacheka, wakaendelea na safari yao.

Mwaka huohuo mama akaota uvimbe shingoni. Akapelekwa hospitali, akapigwa mionzi wiki sita. Mungu ni mwema, uvimbe ukaisha. Akarudi nyumbani amekonda, kanga inamzunguka mara mbili, lakini yu hai, na nyumba nzima ikashangilia. Kuna kitu kimoja hakurudi nacho, na hakumwambia mtu.

Asubuhi moja akaandaa chai ya maziwa yenye tangawizi, kama siku zote. Bwana akapiga funda la kwanza. Chumvi! Binti yao alikuwa amepanga jiko upya, na kopo la chumvi likakaa mahali pa sukari. Bwana akafungua kinywa kutoa alama yake, na kwa bahati akamtazama mkewe kwanza. Mama alikuwa anakunywa. Taratibu, funda baada ya funda, macho ameyatupa dirishani, mpaka kikombe kikaisha. Uso wake haukubadilika hata kidogo.

Bwana akafunga kinywa. Akainua kikombe chake, akakinywa chote, chumvi na tangawizi yake, mpaka chini. Washarika, mtu aliyeishi kwa kutema miaka thelathini, siku ile alimeza.

"Tangu lini, mke wangu?" akauliza.

"Tangu mionzi," mama akasema. "Chai, nyama, ndizi, vyote ni kama natafuna gazeti. Nimekuwa nikipika kwa mkono uliozoea. Nikaogopa kukuambia."

"Uliogopa nini?"

Mama akainuka, akakusanya vikombe. Wewe ungejibu nini?

Daktari alisema ulimi unaweza kurudi baada ya miezi, na unaweza usirudi. Tangu siku ile mama akipika humwita mumewe jikoni, anadondosha mchuzi kwenye kiganja chake, anasema, "Nionjee." Bwana analamba kiganja, anasema, "Iko sawa." Na siku mama anapochoka, bwana mwenyewe anashika mwiko. Alijifunza kupika mtori, ndizi na nyama zilizopondwa zikalainika, zisimkwaruze mama koo. Kila tonge la kwanza anamtazama mkewe usoni. Anaona utii tu, mtu anayekula kwa sababu amepona na anatakiwa kula. Akawa na sala moja fupi ambayo hakuwahi kuiwaza maishani mwake. "Bwana, sikuombi utamu. Mrudishie hata chumvi tu."

Miezi minane ikapita hivyo. Ikakaribia siku ya kutimiza miaka ishirini na nane ya ndoa, ndipo bwana akalikumbuka lango jeupe, na safari hii maneno ya mkewe akayasikia. Nani asiyesikia, akishachelewa? Moyo ukamwambia, mpeleke. Akili ikamwambia, unampeleka kuonja mtu asiyeonja? Utamkalisha mbele ya sahani tisa, kila moja imkumbushe alichopoteza? Na mgahawa ule haukuwekei nafasi mpaka ulipe kabla, na ukishalipa fedha hairudi. Fedha ingemuuma, sikatai, ila angeipata nyingine. Alichoogopa ni kuuona uso wa mkewe kwenye sahani ya kwanza, kisha ya pili, mpaka ya tisa.

Basi akapanda kwa miguu hadi kule juu, akaomba kumwona mpishi. Akatoka mpishi kijana, wa umri wa Aikaeli, anajifuta mikono kwenye aproni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukuuliza neno moja. Chakula chenu kinafaa? Kina thamani ya kumleta mtu?"

"Mzee, hapa mtu hali ili ashibe. Anakula ili aonje. Kila tonge nalifanyia kazi siku mbili."

"Na asiyeonja je?"

Yule kijana hakuelewa. Bwana akamweleza yote, mionzi, chai ya chumvi, miezi minane. Mpishi akasema, "Mzee, nisikudanganye. Mimi nimesomea upande wa sahani. Upande wa ulimi sijawahi kuupika mimi, naukuta tu umeshaletwa."

Shikeni neno hilo la kijana, tutalirudia. Mpishi akaahidi kuishikilia meza ya watu wawili hadi Alhamisi, na Alhamisi adhuhuri watampigia simu atoe jibu.

Alhamisi ikafika. Bwana yuko jikoni anapika mtori, na kichwani anapika jambo jingine. Nibuku ile nafasi? Nisibuku? Akatia chumvi. Akakoroga. Nikibuku nikamuumiza? Akatia chumvi. Nisipobuku, nisubiri nini, na miaka inakwenda? Akapakua.

Wakakaa, wakasali, na simu ikalia.

"Shikamoo mzee," sauti ya binti wa mgahawani ikasema. "Napiga kuhusu ile nafasi ya watu wawili. Tuiweke, au tumpe mtu mwingine?"

Bwana akavuta pumzi. Alikuwa ameshaamua. Alikuwa anataka kusema, mwanangu, mpeni mwingine. Upande wa pili wa meza mama alikuwa amepeleka kijiko cha kwanza kinywani. Kijiko kikasimama hapo. Mama akakunja uso.

"Baba Aikaeli," akasema, "chumvi imezidi."

Bwana akageuka. "Umesemaje?"

"Nimesema chumvi imezidi! Umemwaga kopo zima humu? Mtori gani huu wa..."

Hapo mama akajisikia mwenyewe. Kijiko kikaanguka mezani. Akaziba kinywa kwa mikono miwili, na juu ya ile mikono macho yakajaa.

"Haloo?" binti anaita kwenye simu. "Mzee? Uko hewani?"

"Subiri, mwanangu," bwana akasema. "Subiri kidogo. Mke wangu ananilalamikia chakula."

"Oo, pole sana, mzee."

"Usinipe pole!" bwana akapiga kelele, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. "Nipe hongera! Sema tena, mama. Sema asikie!"

Na mama, huku analia, huku anacheka, akachota kijiko cha pili kuhakikisha, akakunja uso vilevile, akasema, "Imezidi kweli kweli. Chakula hiki hakiliki!" Nao wakakila. Washarika, hawakuongeza hata tone la maji. Walikikomba chungu kile mpaka chini, wakishindana nani achote, na simu imesahauliwa kando ya chungu. Yule binti, nasikia, alikata baada ya dakika kumi, na alipokwenda kumweleza mpishi, binti mwenyewe alikuwa analia bila kujua vizuri analilia nini.

Sasa nisikilizeni. Yale maneno mawili, chumvi imezidi, yalikuwa ya nani? Si yalikuwa ya bwana mwenyewe? Si ndiyo aliyoyasema kwa miaka ishirini na saba akidhani anamtolea mkewe makosa? Leo yametoka kinywani mwa mke, na yamekuwa muujiza. Bwana alikaa pale mbele ya sahani tupu akatambua kwamba kila siku aliyowahi kunung'unika juu ya chumvi, ulimi wake ulikuwa mzima, na hakuwahi kushukuru hata mara moja. Akapiga magoti palepale kwenye sakafu ya jikoni, akamshika mkewe miguu, akamwomba radhi ya kila kijiko. Mama akamwambia, "Inuka, Baba Aikaeli, sakafu ina baridi. Kesho utarekebisha."

Mtaniuliza, wakabuku? Najua hamtaniacha nishuke bila kuwaambia. Bwana alimpigia yule binti, wakaenda, mama kavaa kitenge chake cha Pasaka. Sahani tisa zikaja. Nyingine mama alisikia pilipili tu, nyingine limau, nyingine hakusikia kitu akaisifia rangi. Mwishoni mpishi akatoka, akasimama mbele ya yule mwonjaji mashuhuri kama mkulima anayesubiri alama, kofia mkononi. "Mzee, kilikuwaje?"

"Mimi leo siko kazini," bwana akasema. "Muulize mama."

Mama akafikiri. Akasema, "Asante mwanangu, Mungu akubariki. Ila ile ya tano ilipungua chumvi."

Na mumewe akainua mikono miwili juu, mbele ya wazungu na mabwana wakubwa, akasema kwa sauti, "Aika!"

Ndugu zangu, sisi ni waonjaji. Tunaonja siku tunazopewa, tunatema, tunaandika alama. Ibada hii ilikuwa ndefu. Mkwe huyu ni mvivu. Mvua hii imechelewa. Kwaya leo walikuwa chini kidogo. Si kweli? Tunauliza kila kitu kama kinatufaa, na hatuulizi tulipataje kujua kwamba hakitufai. Anayelalamika kwamba mtoto anapiga kelele, ana mtoto, na ana masikio. Anayelalamika kwamba njia ya kuja kanisani ina matope, amekuja kwa miguu yake. Yule kijana alisema amesomea upande wa sahani tu. Nani basi aliyeupika upande wa ulimi? Ulimlipa lini? Ulimwekea nafasi lini?

Tukitoka hapa kila mmoja anakwenda mezani kwake. Mtapakuliwa. Mtasali ile sala yenu ya haraka, mtapeleka kijiko kinywani, na katika nyumba moja, simtaji mtu, chumvi itakuwa imezidi. Baba, utaijua mara moja. Kabla hujamtazama mama aliyepika, kaa kidogo na hicho kijiko. Mshukuru Mungu kwamba umeijua. Kisha meza.