Kisu cha Kudra

Katika mji wa Liwali Nasoro, watu waliobishana naye walikuwa na tabia ya ajabu: walijifia tu wenyewe. Kadhi alipomkatalia kunyang'anya shamba la yatima, kesho yake alikutwa barazani amelala kifudifudi, kisu kimesimama mgongoni.

Liwali akamwita Shaweji, mpiga mbiu wa mji.

"Katangaze kwamba kadhi amekufa kifo cha Mungu."

"Na kile kisu, bwana?"

"Kisu nacho ni kudra ya Mungu. Au unataka kumfuata?"

"Hasha, bwana! Nani asiyejua kwamba mtu akizeeka, mgongo huota visu?"

Shaweji akatoka, akapuliza baragumu sokoni. Liwali akasikia watu wanashangilia, naye akatabasamu, akaagiza kahawa.

Alasiri alichungulia dirishani. Wajomba wa yatima walikuwa wameketi kwenye ngazi zake, wananoa visu. Walipomwona wakamwamkia kwa adabu zote.

"Shaweji! Umewaambia nini watu hawa?"

"Maneno yako, bwana. Kisu mgongoni ni kifo cha Mungu. Mimi nimeongeza tu kwamba Mungu hashitakiwi. Wamefurahi hao! Wanauliza bwana hulalia ubavu gani."

Liwali akaubana mgongo ukutani.

"Rudi ukatangaze upya! Sema kadhi ameuawa!"

"Vyema, bwana," akasema Shaweji, akilifuta baragumu lake taratibu. "Na muuaji nimtaje, au hilo nalo tumwachie Mungu?"