Kubusu Kamba

Mguu husimama hapa, lori husimama kule. Mmeisikia leo kwa fundi pikipiki mkacheka, mkadhani ni kijembe cha kumsuta dereva mlevi. Haya, cheko liwatoke kwanza. Methali hii ilizaliwa kwenye shamba la mkonge, na siku ilipozaliwa alizikwa mtu mwenye mke na watoto watatu.

Barabara ya kutoka mashambani iliteremka hadi lango la kiwanda. Hapo palivutwa kamba ili kila lori lisimame likaguliwe, na mshika kamba alikuwa Nyange. Madereva walikuwa na mchezo wao, wakiuita kubusu kamba. Dereva alishuka kwa kasi, akafunga breki lango likiwa limeshakaribia, akasimama bampa ikiigusa kamba bila kuikata. Akina mama walioanika nyuzi walimpigia vigelegele. Upuuzi mtupu, lakini watu wazima waliupenda.

Bingwa wa mchezo huo alikuwa dereva Semboja, aliyemwoa dada yake Nyange. Yeye alikanyaga breki penye jiwe jeupe kando ya njia, siku zote hapo hapo. Wakija madereva wengine, Nyange aliruka pembeni. Akija shemeji yake, alibaki katikati ya njia, kamba mkononi, akitabasamu. Semboja alijivunia jambo hilo kuliko kitu chochote alichokuwa nacho.

Kisha mvua ya kwanza ya masika ikanyesha, vumbi la kiangazi likawa utelezi. Asubuhi, Nyange alimfungulia kamba akamwambia, "Shemeji, leo njia ni mlenda. Wahi breki."

"Wewe shika kamba yako," Semboja akajibu akicheka. "Lini nimekukosea?"

Alasiri akarudi. Mkonge ulirundikwa hadi kupita mbao za ubavuni, maana wakataji walitaka kuwahi nyumbani. Alipofika penye jiwe akakanyaga breki. Magurudumu yakaacha kuzunguka, lakini lori likazidi kuteleza, mzigo ukilisukuma kwa nyuma. Akakanyaga kwa nguvu zake zote. Akapiga honi. Nyange akadhani ni mbwembwe za shemeji yake, akainua mkono kumpungia. Semboja aliuona mkono ule mpaka ulipopotea chini ya boneti.

Walimzika kesho yake. Baada ya maziko, Mzee Mhina, baba yake Nyange, alimwita mkwewe barabarani. Hakumtukana. Semboja aliomba moyoni atukanwe, hakutukanwa.

"Nioneshe ulipokanyaga breki," mzee akasema.

"Hapa penye jiwe, baba. Wallahi nilikanyaga."

"Najua ulikanyaga. Sasa tembea, uhesabu hatua."

Semboja akatembea akihesabu kwa sauti. Hatua ya thelathini ilimfikisha penye kamba. Akasimama.

"Endelea," mzee akamwambia kutoka kule nyuma. "Lori halikuishia hapo."

Miguu ilimgomea. Akaiburuta hivyo hivyo, akilia kama mtoto, hadi hatua ya arobaini na tano, mtaroni, mahali lori lilipokwama. Akageuka. Mzee alikuwa bado amesimama pale jiweni, ameikita fimbo yake ardhini.

"Mguu wako ulisimama hapa," mzee akasema. "Lori lako likasimama kule. Mwanangu alikuwa katikati."

Akina mama wa nyuzi waliyasikia maneno hayo, wakaenda nayo majumbani. Lile la mwisho waliliacha, kwa sababu halikusemeka mbele ya mama yake Nyange. Ndiyo maana nyinyi mmepokea nusu yake tu. Basi mkiwa kwenye usukani, na mtu yupo mbele yenu anawaamini, jueni ni nani aliyeachwa nje ya maneno haya: mguu husimama hapa, lori husimama kule.